Msafara wa Nta

Watu husema mjane analia. Uongo mtupu. Mjane hulia wiki ya kwanza, na kama alimpenda marehemu, hulia ya pili na ya tatu. Baada ya hapo anakaa. Anakaa akitazama ukuta na ukuta unamtazama, mpaka wote wawili wanachokana. Hilo huwezi kulisikia msibani, kwa sababu wengi waliokuja msibani wamekuja kula.

Sikuzani alikuwa anakaa. Mumewe Lukumani, mnunuzi wa nta na asali pale Gongoni, alikufa kwa homa miaka ile ya vita vya Hitila, bafta ikiuzwa kwa kadi. Ndiyo maana mjane alipata nguo moja tu nyeupe ya eda. Nguo moja, mchana na usiku, katika chumba kisichofunguliwa dirisha! Tena wifi yake Batuli, dada mkubwa wa marehemu aliyekuja kumlinda, alikataza isifuliwe ila Alhamisi.

"Mjane hajipambi," Batuli alisema.

"Kufua ndiyo kujipamba, wifi?"

"Inaanza kwa kufua."

Basi akakaa ananuka. Miezi minne na siku kumi, ndiyo sheria, na sheria haina ubaya. Ubaya ulikuwa wa Batuli, aliyeiongezea sheria mambo ya kwake. Nywele zisichanwe. Kioo kigeuziwe ukutani. Kucheka, marufuku. Mlango ulikuwa na pazia, na mbele ya pazia alikaa Batuli mwenyewe juu ya kigoda, shavu limejaa tumbaku, kopo la mate katikati ya miguu. Alitafuna, akatema. Ptuu! Akatafuna tena. Mate mengine yaliingia koponi na mengine yalibaki kidevuni, naye aliyafuta kwa kiganja kilekile alichokuja kumegea ugali.

Na ugali huo! Mchana mlenda, jioni mlenda. Sikuzani alizaliwa Itetemia na alilelewa kwa mlenda, lakini sasa ule uteute ukimvutikia kidoleni alikinai mpaka machozi yakamlengalenga. Wageni walisema masikini, bado anamlilia mume.

"Wifi, leo siku gani?" aliuliza.

"Kama jana."

"Na jana ilikuwa siku gani?"

"Unauliza siku, una safari?"

Garimoshi lilipiga honi kule stesheni. Likaondoka. Likaja jingine. Sikuzani alishajua ufa gani wa ukuta una sisimizi na upi hauna.

Mbona asiondoke? Aende wapi! Hakuzaa na Lukumani, wala Lukumani hakuzaa kwingine, kwa hiyo mirathi ikigawanywa robo ni yake: chumba kile cha nyuma alimokaa eda, chenye mlango wake wa uani, na sehemu ya nta iliyobaki. Zilizosalia ni za Batuli na mdogo wao Nassibu. Robo hiyo ndiyo iliyomtenga na Itetemia, kwa kaka yake Lugembe, ambako angelala jikoni pamoja na mbuzi, na kila asubuhi mke wa Lugembe angeuliza ugali wa jana umeliwa na nani. Avumilie eda, apate mlango wake. Basi. Hakutaka kingine duniani.

Nassibu naye alikitaka chumba hichohicho, akifanye stoo.

*

Nusu ya chumba ilikuwa na nta. Mikate mizima mizima ya nta, ya manjano na ya hudhurungi, imepangwa hadi karibu na dari, ikingoja mirathi. Mchana mabati yakishika moto, chumba kilinuka asali iliyochacha na nta ikawa laini kama unga uliokandwa.

Alianza na makombo ya sakafuni. Hakukusudia neno. Vidole havikuwa na kazi, vikaokota kipande, vikakifinya, na kipande kikawa na masikio. Punda. Sikuzani alimtazama yule punda, akaona aibu kana kwamba amekutwa na mwanamume. Akamponda. Halafu akakaa, na kukaa kukamshinda, akamfanya tena.

Kesho yake akafanya mtu. Babu yake mzaa mama alikuwa mpagazi, alibeba pembe za ndovu kutoka Unyanyembe mpaka Bagamoyo, na begani alikuwa na nundu ngumu ambayo Sikuzani, alipokuwa mdogo, alipenda kuigusa. Akamfanya mtu wa nundu, pembe begani. Mpagazi mmoja haendi safari peke yake, akamfanyia mwenzake. Wapagazi hawaendi bila kirangozi wa kuwaongoza, akamfanya kirangozi. Makombo yakaisha. Hapo ndipo alipofanya kosa lake: aliuvuta mkate mmoja wa nta, akaumega upande wa nyuma, akaugeuzia ukutani.

Safari zile za zamani hakuzijua sura zake. Sura alizozijua ni za watu waliokuja matangani, basi akawatumia hao. Nassibu akawa mpagazi asiye na mzigo ila tumbo, mkono mmoja umezama ndani ya kanzu anajikuna. Batuli akabeba kopo kichwani, kubwa kuliko yeye. Maalimu Saidi, aliyesoma hitima nusu akiwa macho na nusu akiwa usingizini, akafuata na tasbihi, kidevu kifuani. Jirani Bi Mwanahawa akabeba sahani ya pilau mbele na nyingine nyuma. Kirangozi mwanzo hakuwa na sura. Siku moja vidole vikampa pua ya Lukumani, na Sikuzani akaiacha hapo.

Joto lilimpa taabu. Ikifika adhuhuri vichwa vilianguka. Akachomoa njiti za ufagio, kila mtu akatiwa njiti moja shingoni kushikilia kichwa chake.

Msafara aliupanga chini ya kitanda, kando ya ukuta, na kila siku aliusogeza upana wa kidole kimoja kuelekea mlangoni. Alipiga hesabu ili siku ya kutoka eda kirangozi aguse kizingiti. Jamani, yule mwanamke akawa na haraka ya kuamka! Alfajiri aliamka akijua leo pua ya nani itarekebishwa. Mlenda ukaliwa ukaisha. Batuli akamwona ananenepa, akachukia.

*

Maana mwenye kuchoka kweli sasa alikuwa Batuli. Anayekaa eda anakaa kwa Mungu. Anayemlinda anakaa kwa nani? Tangu matanga yaishe hakuwa na jambo la kusimulia. Kisimani wenzake walimuuliza, "Enhe, mjane wako anasemaje?" naye akajibu, "Amekaa," wakamgeukia mwingine. Wiki baada ya wiki, amekaa, amekaa. Batuli, ambaye zamani akifika kisimani ndoo zilisahauliwa!

Siku moja Sikuzani alikwenda bafuni. Batuli aliingia chumbani kuihesabu mikate ya nta, kama Nassibu alivyomwagiza, akajikwaa, na kopo likambiringikia uvunguni likimwaga mate njia nzima. Akainama kulifuata. Akabaki hivyohivyo ameinama.

Watu walikuwa wanakuja kumlaki.

Alimtambua Nassibu kwanza. Akamchukua mkononi. Nta ilikuwa imelegea kwa joto, na nyuma ya shingo njiti ilikuwa imetokeza nje, ncha kali. Na Nassibu, wakati ule, alikuwa na jipu shingoni. Jipu kubwa, jekundu, lisilotaka kuiva, lililomfanya ageuke mwili mzima akiitwa.

Batuli hakuamini kwamba ni uchawi. Hilo lazima lisemwe. Aliliona kopo lake kichwani mwa kile kisanamu cha mwanamke, akajua palepale kwamba huu ni mchezo wa mtu asiye na kazi. Alijua! Lakini kwa mara ya kwanza tangu msiba uingie, alikuwa na habari.

Akajifunga kanga, akaenda kisimani bila ndoo.

Habari ilipofika mtaa wa Cheyo, njiti moja ilishakuwa sindano saba. Ilipovuka Cheyo, sanamu ilikuwa na nywele za Nassibu na kucha za marehemu, na Lukumani mwenyewe hakufa kwa homa. Hivyo ndivyo mikono ya mwanamke mmoja ilivyofinyanga nta, na mdomo wa mwingine ukafinyanga mauaji. Wote wawili walikuwa wamechoka kukaa tu. Ukinisikia natema mate, usidhani ni tumbaku; ni karaha.

*

Nassibu alikuja jioni akasimama nje ya pazia. Sikuzani aliiona miguu yake chini, viatu vya raba vilivyokatwa kupisha vidole.

"Hujambo, shemeji."

"Sijambo, shemeji. Jipu linaendeleaje?"

"Unaniuliza mimi? Wewe ndiye unayelijua."

Sikuzani alishaona uvungu ni mtupu na sakafu ina mate.

"Mimi sipendi aibu," Nassibu alisema, sauti imelainika. "Mke wa ndugu yangu ni mtu wangu. Lakini mji mzima unasema, na lisemwalo lipo. Bomani kuna sheria ya uchawi, na Mzungu hana mchezo na mambo hayo, anafunga. Sasa sikiliza. Mwambie Maalimu umesamehe robo yako, urudi kwenu Itetemia taratibu, nami nitasema nilikosea. Tumemaliza. Nani atajua?"

"Sijakuloga, shemeji. Wallahi sijakuloga."

"Shingo yangu inasema umeniloga."

Sikuzani aliwaza jela. Aliwaza wale askari wa Boma, na watu wa Gongoni wamejipanga barabarani kumtazama anapita na nguo yake chafu. Itetemia ni afadhali. Mbuzi hawatukani mtu. Neno la ndiyo lilishamfika kinywani, alikuwa analivutia pumzi tu.

Akasikia: kra, kra, kra. Nje ya pazia Nassibu alikuwa anajikuna tumbo ndani ya kanzu. Alijikuna polepole, kwa raha, kama mtu ambaye stoo ameshaipata. Ndivyo hasa alivyomfinyanga, mkono uleule. Kinyaa kikampanda Sikuzani, kikaisukuma ile ndiyo nje ya njia.

"Muite Maalimu," alisema. "Aje na watu. Wale wa nta watolewe wote, si wewe peke yako. Wote."

"Utajuta."

"Nimekaa humu muda wote huu, shemeji. Kujuta nako ni kazi. Ilete."

*

Kesho yake, baada ya alasiri, watu walijaa uani. Walikuja hata wasiomjua Lukumani. Mlangoni pa chumba ulitundikwa mkeka, na nyuma ya mkeka akakaa Sikuzani, maana haonekani na wanaume. Alisikia tu. Alisikia Maalimu Saidi akikohoa, akasikia Batuli akivileta visanamu juu ya ungo na kuutua jamvini.

Kazi ya mikono yake ilikuwa inatazamwa na mji, naye aliona mkeka na nzi mmoja aliyekuwa anapanda mkeka.

Halafu sauti ya Bi Mwanahawa: "Ee! Huyu si Batuli? Batuli na kopo lake, jamani!"

Mtu akaguna. Mwingine akakohoa kikohozi cha uongo. Kicheko kikapasuka, na kilipopasuka hakikushikika.

"Na wewe Bi Mwanahawa ndiye huyu mwenye sahani mbili!"

"Mbili tu? Amenistahi. Nilikula tatu."

"Na huyu anayejikuna ni nani?"

Hapo watu wakaogopa kujibu, lakini walicheka kuliko kwanza. Nyuma ya mkeka Sikuzani aliziba mdomo kwa nguo yake inayonuka. Hakujua analia au anafanya nini. Walikuwa wanajitambua! Hakuna aliyewaambia, na walikuwa wanajitambua.

"Nyamazeni!" Nassibu alipaza sauti. "Mnacheka kifo? Tazameni shingoni mwangu, kisha tazameni shingoni mwa hiyo sanamu. Hiyo njiti ni ya nini? Sema, Maalimu!"

Maalimu alikuwa amemwona mzee mdogo wa nta mwenye tasbihi, amesinzia, na uso wake haukuonyesha kwamba amefurahi. "Mjane," aliita. "Njiti ni ya nini?"

"Ni ya kushika kichwa, Maalimu. Mabati yakipata moto vinaanguka. Vunja shingo zao wote, utaona."

Maalimu alimvunja Nassibu. Njiti. Nassibu mwenyewe, aliyesimama, alijishika shingo ghafla kwa nguvu kana kwamba yeye ndiye aliyevunjwa, na kwa mshiko ule jipu likapasuka. Usaha ukamtiririka ndani ya ukosi wa kanzu, wa manjano, mzito, na waliokuwa karibu naye wakaruka. Harufu ikaenea.

"Kama huu ni uchawi," alisema Bi Mwanahawa, "basi mimi nina jipu pajani. Mwambieni aniloge na mimi."

Maalimu akangoja kicheko kipite. Akamvunja Batuli. Njiti. Akajivunja yeye mwenyewe, kwa haraka. Njiti. Akavunja mpagazi wa nundu, na mwenzake. Njiti.

"Na huyu mwanamke wa nyuma kabisa, asiye na mzigo?"

"Ni mimi, Maalimu. Vunja."

Njiti.

"Na huyu wa mbele?"

"Huyo ni marehemu."

Batuli aliacha kutafuna. Maalimu akamwinua yule kirangozi, akampeleka kwenye mwanga, akageuza shingo yake polepole mpaka ncha ya njiti ikaonekana, na hakumvunja. Akamrudisha kwenye ungo kwa mikono miwili.

"Uchawi hapa hakuna," alisema. "Robo ya mwanamke huyu iko palepale. Lakini sanamu ni haramu, zote ziyeyushwe. Ayeyushe mwenyewe."

Ungedhani mtu ambaye usaha umemkaukia mgongoni angeondoka akajifiche. Nassibu alisema, "Hiyo nta ni ya mirathi. Ikishayeyushwa ipimwe. Mkate ulioumegwa nimeuona, na kilichopungua kikatwe kwenye robo yake." Akatuma mizani iletwe. Maalimu alisema hewala, maana kisheria ilikuwa kweli, akavaa viatu vyake upesi.

*

Sikuzani aliwayeyusha asubuhi, uani, katika sufuria kuukuu, Batuli amekaa kando kwenye kigoda chake. Bi Mwanahawa akaenda na pembe za babu zikaenda. Walianguka mmoja mmoja, wakasimama kidogo ndani ya nta ya moto, wakapiga magoti. Kirangozi Sikuzani alimshika mpaka mwisho, na pua ile ikaanza kulainika kidoleni mwake hata kabla ya kuingia. Juu ya nta zikaelea njiti.

"Hebu nipe yule wangu kwanza," Batuli alisema.

Alimpa, kichwa huku na kiwiliwili huku. Batuli aliviunganisha, akavitazama kwa karibu, akavitazama kwa mbali.

"Pua yangu ndivyo ilivyo?"

"Ndivyo ilivyo, wifi."

"Hm." Akatema. Mkono wake ukaingia kwenye fundo la kanga na ukatoka mtupu. Sikuzani aliona. Alijua pia kwamba kwenye mizani nta itapungua kwa uzito wa Batuli mmoja na kopo lake, na kwamba atalipa yeye. Ikapungua. Nassibu alikata, tena alikata kwa furaha, kanzu ile ile ina doa shingoni.

Mikate ya nta ilihamishiwa nyumbani kwa Nassibu siku hiyohiyo, isije ikaguswa. Chumba kikabaki kitupu, ukuta kwa ukuta. Eda ilikuwa bado. Mlango utakuwa wake, ndiyo, lakini kati yake na mlango kulikuwa na zile siku, ndefu, za kukaa, na chini ya kitanda hakuna anayetembea. Garimoshi likapiga honi. Sisimizi walikuwa kwenye ufa wao.

Jioni Batuli akaleta ugali na mlenda, akakaa naye sahani moja. Sikuzani alimega tonge. Akalibana kiganjani, kidole gumba kikabonyeza katikati kama kila siku, ila mara hii hakikutoka. Kilivuta huku, kikasukuma kule. Tumbo likatokea. Kikatokea kichwa, na mkono uliozama ubavuni.

Batuli alikuwa ameinua tonge lake, likabaki hewani. Alimtazama yule mtu wa ugali, akatazama mlangoni, akamtazama tena. Sikuzani akangoja asikie kigoda kikisukumwa na miguu ikielekea kisimani.

"Umesahau jipu," Batuli alisema.

Sikuzani akamega punje ya ugali, akaibandika shingoni. Akamchovya Nassibu kwenye mlenda, kichwa kwanza, akamla.